Ubongo Unaoshirikiana Ndio Unaogombana: Hesabu Huharibikia Wapi

Mwaka 2003 watafiti wa London walichukua watu wawili wawili na kuwaambia kila mmoja alaze kidole chini ya wenzo mdogo wenye kipima nguvu. Mmoja anabonyezwa, kisha zamu yake inafika ya kumbonyeza mwenzake. Agizo ni moja tu: rudisha nguvu ileile uliyoisikia, si zaidi, si pungufu. Hakuna aliyejua mwenzake kapewa agizo gani. Hakukuwa na fedha ya kugombea wala mshindi wa kutangazwa. Hata hivyo nguvu ilipanda kwa wastani wa asilimia 38 kila zamu. Ukianza na kipimo cha 100, baada ya zamu tano umefika 500, na baada ya nane umepita 1,300.

Hakuna haja ya kudhani kwamba mmoja wao alikuwa mkorofi. Ubongo unapotuma amri ya kusogeza kidole, nakala ya amri hiyo hupelekwa kwenye sehemu zinazotabiri mguso utakaofuata, ikiwemo serebelamu, ule ubongo mdogo ulio kisogoni. Mguso uliotabiriwa hupunguzwa makali kabla hujausikia, na ndiyo sababu huwezi kujitekenya. Nguvu unayoitoa wewe unaisikia imepungua. Nguvu unayopokea unaisikia nzima. Ili zilingane kwenye hisia zako, inabidi ubonyeze zaidi. Mwenzako naye anafanya hivyohivyo, kwa moyo safi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: wahenga waliliona jambo hili bila kipima nguvu.

Kilichofuata kwenye jaribio hilo ni muhimu zaidi. Watafiti waliwaomba watu warudishe nguvu kwa kusukuma kijiti kinachoendesha mota, na mota ndiyo ibonyeze. Hapo walilenga karibu sawasawa, kwa sababu ubongo haukuwa na utabiri wa kawaida wa kupunguza. Kifaa cha nje kilisahihisha kosa ambalo nia njema ilishindwa kulisahihisha.

Tumeanza na kidole kwa sababu mtu akisikia “ubongo na ugomvi” hutafuta mahali pa ubaya ndani ya kichwa, tezi ya hasira au kiini cha vita. Hakuna mahali hapo. Vifaa vinavyotuwezesha kuaminiana, kuhesabu nani katoa nini na kuumia mwenzetu anapoumia, ndivyo hivyohivyo vinavyotupeleka kwenye kisasi. Ugomvi mwingi ni ushirikiano uliokosewa hesabu, au ushirikiano uliochorewa mpaka. Makala haya yanafuata njia hizo mbili.

Chungu cha pamoja

Ili kupima ushirikiano kwa namba, watafiti hutumia mchezo wa chungu. Watu wanne wasiojuana, kila mmoja ana vipande 20 vya fedha. Kila mmoja anaamua kwa siri aweke vingapi chunguni. Kilichomo kinazidishwa kwa 1.6, kisha kinagawanywa sawa kwa wote wanne, aliyetoa na asiyetoa.

Wote wakitoa vyote, chungu kina 80, kinakuwa 128, na kila mmoja anaondoka na 32. Wasipotoa kabisa, kila mmoja anabaki na 20 zake. Kwa hiyo kutoa kunalipa. Sasa mmoja akikaza mkono na watatu wakitoa: chungu kina 60, kinakuwa 96, kila mmoja anapata 24. Watatu wana 24. Mdandiaji ana 24 na 20 zake, jumla 44. Kila kipande unachotoa kinakurudishia sehemu nne za kumi tu, na kila mmoja wa wengine watatu anakula kiasi hichohicho. Hapo ndipo penye mtego: kinachowafaa wote hakimfai yeyote akiwa peke yake.

Mchezo ukirudiwa raundi kwa raundi, mambo huenda karibu vilevile kila unakochezwa. Watu huanza vizuri, wengi wakitoa karibu nusu, kisha michango inashuka hadi karibu na sifuri. Maelezo ya haraka ni kwamba uchoyo umejitokeza. Si sahihi. Mwaka 2001 watafiti wa Zurich waliwaomba watu waseme mapema wangetoa kiasi gani kwa kila kiwango ambacho wenzao wangetoa. Karibu nusu walikuwa washirika kwa masharti: ukitoa natoa, ukipunguza napunguza. Kama theluthi moja tu walikuwa wadandiaji wa moja kwa moja, wasiotoa chochote hata wengine wafanye nini.

Ila hata hao washirika kwa masharti walikuwa na dosari. Walipoahidi kufuata wenzao, waliahidi kidogo chini ya kiwango cha wenzao. Wenzao wakitoa 10, wao hukusudia pungufu ya 10. Ni kidole kilekile. Kikundi kisicho na mdandiaji hata mmoja kingeshuka polepole kwa dosari hiyo peke yake. Ukiwa mweka hazina wa kikundi na unaona michango inapungua mwezi hadi mwezi, usianze kumsaka mwizi. Anza kwa kuuliza kama wanachama wanaona kwa namba, si kwa kukisia, wenzao wametoa nini.

Dhuluma inavyosikika mwilini

Kuna mchezo mwingine mfupi, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1982. Mmoja anapewa kiasi cha fedha apendekeze mgao. Wa pili anakubali au anakataa, na akikataa wote wawili wanakosa. Kwa hesabu tupu, wa pili angekubali hata senti moja. Watu hawafanyi hivyo. Wagawaji wengi hutoa kati ya asilimia 40 na 50, na mgao ulio chini ya asilimia 20 hukataliwa takriban nusu ya wakati. Mtu anachoma fedha yake ili mwenzake asifaidi dhuluma.

Mwaka 2003 watu 19 walicheza mchezo huu wakiwa ndani ya skana ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, wakigawiwa dola 10. Mgao wa 9 kwa 1 au 8 kwa 2 uliamsha insula ya mbele, mkunjo wa ubongo uliojificha ndani, nyuma ya panja. Insula hupokea habari za hali ya mwili: maumivu, kichefuchefu, mapigo ya moyo. Iliamka zaidi mgawaji alipokuwa mtu kuliko alipokuwa kompyuta, ingawa hasara ilikuwa ileile. Kwa hiyo kinachouma ni kutendewa hivyo na mtu. Dola zilizopungua peke yake haziumi kiasi hicho.

Pamoja na insula iliamka pia sehemu ya juu kando ya gamba la mbele, nyuma ya paji la uso. Wakati huo ilielezwa kwamba sehemu hiyo ilikuwa ikishikilia lengo la kupata fedha na kuizuia hasira. Maelezo hayo yalionekana kuingia akilini. Mwaka 2006 kundi la Zurich liliyajaribu: walipiga mapigo ya sumaku juu ya fuvu ili kuidhoofisha kwa muda sehemu hiyo ya upande wa kulia. Kama kazi yake ni kuzuia hasira, watu wangekataa zaidi. Ikawa kinyume chake. Walikubali mgao mbovu mara nyingi zaidi, huku wakisema waziwazi kwamba si wa haki. Walijua haki, ila walishindwa kuitetea pale ilipowagharimu. Tofauti hiyo ilionekana mgao ulipotoka kwa mtu, si kwa kompyuta.

Jambo hili linastahili kukaliwa kidogo. Kuijua haki na kuisimamia ni kazi mbili tofauti, na ya pili hutegemea sehemu ya ubongo inayochoka kwa kukosa usingizi na kwa pombe. Mkutano wa kutatua mgogoro unaoanza usiku baada ya siku nzima ya kazi unaweza kuzaa makubaliano ambayo kila mtu anajua hayafai. Mkiweza, amueni asubuhi.

Adhabu: dawa yenye sumu

Turudi kwenye chungu. Mwaka 2002 watafiti wawili, Ernst Fehr na Simon Gächter, waliongeza kanuni moja: baada ya kila raundi unaweza kulipa kipande kimoja ili kumpunguzia mwenzako vitatu. Makundi yalivunjwa kila raundi, kwa hiyo aliyeadhibu hakutarajia kukutana tena na aliyemwadhibu wala kufaidi kujirekebisha kwake. Watu waliadhibu hata hivyo, na michango, badala ya kushuka, ilipanda.

Miaka miwili baadaye picha za ubongo zilionyesha kwamba anayemwadhibu msaliti huamsha striatamu ya juu, eneo la ndani linaloshughulika na kulenga malipo na thawabu. Waliolipa zaidi ili waadhibu ndio ambao eneo hilo liliamka zaidi hata pale adhabu ilipokuwa bure. Kwa lugha ya mtaani, kisasi kina utamu, na utamu huo huwafanya watu walipe gharama ya kulinda kanuni ambayo kila mmoja angependa mwingine ailinde.

Utamu huo ndio pia unaoiharibu dawa. Mwaka 2008 mchezo huo ulichezwa katika miji 16 ya nchi mbalimbali. Katika baadhi, watu waliwaadhibu wadandiaji na michango ikapanda. Katika mingine, watu waliwaadhibu waliotoa zaidi yao, na ushirikiano haukunyanyuka. Adhabu hii ya kugeuzwa ilikuwa kali zaidi mahali ambapo kanuni za kiraia na utawala wa sheria ni dhaifu. Sababu moja inayoeleweka ni kisasi: aliyeadhibiwa raundi iliyopita hajui nani kamwadhibu, anahisi ni wale wanaojifanya wema, anawarudishia. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliruhusu anayeadhibiwa aadhibu naye papo hapo. Watu waliogopa kuadhibu, na ushirikiano ukashuka.

Kwa anayeendesha kikundi, maana yake ni hii. Faini itoke kwenye utaratibu uliokubaliwa kabla ya kosa, isitoke kwa mtu mmoja mwenye hasira. Ianze ndogo. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza malisho, misitu na mifereji ya maji kwa vizazi na kukuta zile zilizodumu zilikuwa na adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe, na mahali pa karibu na rahisi pa kusuluhisha ugomvi. Faini ya kwanza kazi yake ni kumwambia mtu kwamba ameonekana. Ikiwa kubwa mno, inasikika kama ile nguvu ya kidole: aliyeitoa anaiona ya haki, aliyeipokea anaiona shambulio.

Na kosa moja la bahati mbaya likiingia kati ya watu wawili wanaoshika jino kwa jino? Wanakwama. Leo mimi, kesho wewe, bila mwisho, ingawa wote wawili wangependa amani. Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha mwaka 1992 kwamba mbinu inayodumu pale ambapo makosa hutokea ni nipe nikupe yenye ukarimu: wema rudisha daima, ubaya usamehe takriban mara moja kati ya tatu, kwa malipo yaliyozoeleka ya mchezo wao. Msamaha wa kila mara unanyonywa. Msamaha usiokuwepo kabisa unazaa kisasi cha milele. Kiasi hicho hubadilika malipo yakibadilika, ila hakifiki sifuri.

Ubongo unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Mwaka 2005 jozi 48 za watu, mmoja Houston na mwingine Pasadena, walicheza mchezo wa kuaminiana raundi 10 wakiwa kila mmoja kwenye skana yake. Mtoaji ana 20. Anachotuma kinazidishwa mara tatu. Mpokeaji anarudisha anachotaka. Kilichopandisha imani zaidi ni mtoaji kuongeza alichotuma baada ya mpokeaji kupunguza alichorudisha. Na ndani ya kiini cha kaudati, sehemu ya striatamu ya mpokeaji, ishara ya “nitamwamini” ilisogea: mwanzoni ilitokea baada ya kuona alichotumiwa, raundi za mwisho ilitokea sekunde 14 mapema zaidi, kabla hajaona chochote. Imani iligeuka kuwa utabiri. Sifa ya mtu ni hiyo: ubongo wa mwenzako umeshakuhukumu kabla hujafungua mkono.

Mpaka wa “sisi”

Mpaka huchorwa kwa urahisi unaotisha. Henri Tajfel, Bristol, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili kwa sababu isiyo na uzito, kama vile kukadiria idadi ya nukta. Hawakujua ni nani hasa wanayemgawia, ila kundi lake tu, na hawakupata chochote wao wenyewe. Walipewa jedwali la kugawa pointi: ncha moja, wa kundi langu 7 na wa kundi lile 1, ncha nyingine, wa kwetu 19 na wa kwao 25. Kila hatua kuelekea ncha ya pili inatajirisha pande zote. Wengi hawakuifuata hadi mwisho. Walivutwa kurudi nyuma, waache pointi za watu wao wenyewe ili mradi kundi lao liwe mbele ya lile jingine.

Mbele ya maumivu mpaka huo unasomeka kwenye insula. Mwaka 2010 Grit Hein na wenzake waliwapa mashabiki wa mpira wa miguu nafasi ya kumwona shabiki wa timu yao au wa timu pinzani akipigwa shoti ya umeme ya maumivu. Walikuwa na njia tatu: kumpunguzia maumivu kwa kubeba sehemu yake mwenyewe, kutazama video ya mpira ili wasione, au kukaa na kutazama. Kadiri insula ilivyoamka kwa maumivu ya shabiki mwenzake, ndivyo mtu alivyojitolea. Kwa mpinzani, kilichotabiri kutosaidia ni kuamka kwa kiini cha akumbensi, eneo la thawabu. Maumivu ya mwenzetu yanauma, na ya mpinzani yanaweza kufurahisha, kwa vifaa vilevile.

Mpaka hauhitaji hata timu. Mwaka 2006 watu waliocheza na mtu mwaminifu na mtu msaliti waliwaona wote wawili wakiumizwa. Kwa wanaume, mwitikio wa huruma kwa msaliti ulipungua sana, na eneo la thawabu likaamka kulingana na hamu ya kisasi. Kwa wanawake haikuwa hivyo kwa kiwango hicho. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba adhabu ya kuumiza mwili huenda ndiyo iliyowagusa zaidi wanaume, kwa hiyo usiligeuze kuwa sheria ya jinsia.

Amigdala, yale maumbo mawili kama lozi yaliyo ndani kabisa ya ubongo nyuma ya panja, mara nyingi huitwa kituo cha hofu na kuhusishwa na chuki ya rangi. Majaribio ya miaka ya 2000 yalionyesha picha kwa sehemu 30 za elfu za sekunde, na kwa Wamarekani weupe amigdala iliamka zaidi kwa nyuso za watu weusi. Picha ileile ikikaa nusu sekunde, tofauti ilipungua na gamba la mbele likaamka. Kisha, mwaka 2008, watu waliwekwa kwenye timu zenye mchanganyiko wa rangi, wakapewa dakika chache kukariri nani ni wa timu yao. Amigdala ikaamka zaidi kwa wanatimu wao, bila kujali rangi. Yaani haikuwa hofu. Amigdala huonyesha kidole: huyu ana maana kwako, mwangalie. Nani ana maana ni jambo linalobadilika ndani ya dakika.

Mahali pengine pa kujua ni makutano yaliyo nyuma kidogo na juu ya sikio, pamoja na gamba la kati la mbele. Sehemu hizi huamka tunapowaza wengine wanawaza nini. Mwaka 2006 Lasana Harris na Susan Fiske walionyesha watu picha za wasio na makazi na za watumiaji wa dawa za kulevya: gamba la kati la mbele, ambalo huamka kwa kila kundi jingine, lilikaa karibu kimya. Watafiti wa maabara hiyohiyo walikuwa tayari wamepata, kwa nyuso za rangi nyingine, kwamba swali dogo hubadilisha kazi: mtu huyu angependa karoti au la? Ukiulizwa hivyo, huwezi kujibu bila kumpa mtu yule ladha, hiari na akili, na amigdala haikuitofautisha rangi tena.

Oksitosini na hadithi ya puliza ya upendo

Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba kupuliza puani oksitosini, homoni inayotengenezwa ubongoni, kwa dozi ya vizio 24 vya kimataifa, kuliwafanya watu waamini zaidi: waliotuma fedha zote walikuwa 13 kati ya 29, dhidi ya 6 kati ya 29 waliopulizwa dawa bandia. Dunia ikaipa jina la homoni ya upendo. Mwaka 2010 Carsten De Dreu akaonyesha upande mwingine: wanaume waliopulizwa waliliamini na kulitetea kundi lao zaidi, si binadamu wote. Mwaka 2020 jaribio kubwa la kurudia lililosajiliwa kabla ya kufanyika halikupata ongezeko la jumla la imani. Zaidi ya hapo, bado hakuna makubaliano kama dawa ya puani hufika ubongoni kwa kiasi cha kutosha. Anayeuza puliza ya kuleta maelewano nyumbani au kazini anauza zaidi ya kinachojulikana.

Hapo inafaa kusema jinsi ya kusoma habari zote za aina hii. MRI haipimi mawazo. Inapima oksijeni kwenye damu, ambayo kilele chake huja sekunde 5 hadi 6 baada ya niuroni kufanya kazi. Kipande kimoja cha picha, mchemraba wa milimita 3 hivi, kina niuroni mamia ya maelfu. Mwaka 2009 watafiti walimweka samaki samoni aliyekufa kwenye skana, wakamwonyesha picha za watu na “kumwomba” aseme wanahisi nini. Bila kusahihisha takwimu kwa maelfu ya vipande vinavyopimwa kwa pamoja, ubongo wa samaki ulionekana kufanya kazi. Walitaka kuthibitisha ubovu wa hesabu, na walifaulu.

Kosa la kawaida zaidi ni kurudi nyuma: insula iliamka, kwa hiyo alichukizwa. Insula huamka kwa mambo mengi mno. Mfano wa gamba la mbele hapo juu unaonyesha jinsi maelezo mazuri yanavyoanguka mtu akiibonyeza sehemu yenyewe badala ya kuitazama tu. Na tofauti kati ya mtu na mtu, ukitaka kuzihusisha na picha za ubongo, zinahitaji maelfu ya watu, si 20. Kwa hiyo yaliyo imara kati ya tuliyoyaeleza ni tabia, yaani chungu, adhabu, mgao na kidole. Picha za ubongo zinatusaidia kuelewa kwa nini, na nyingine bado zinasubiri kurudiwa.

Msuluhishi afanye nini kesho

Kwanza, atafute kijiti na mota, yaani kipimo kilicho nje ya hisia za pande zote. Pande zote mbili ziandike, kila upande peke yake, kilichotendwa: tarehe, kiasi, maneno yaliyosemwa, kabla ya kikao. Kisha orodha zilinganishwe na kitu ambacho hakuna upande uliokishika, kama risiti, ujumbe ulioandikwa, au shahidi wa tatu. Huenda kila upande ukakuta umekumbuka nusunusu ulichotenda na kukumbuka kizima ulichotendewa. Usikimbilie kuuliza nani mwongo.

Pili, aamue nani azungumze na nani asikilize, na asidhani pande zote zinahitaji kitu kimoja. Emile Bruneau na Rebecca Saxe, katika utafiti uliotoka mwaka 2012, waliwakutanisha kwa video Waisraeli na Wapalestina, na pia wahamiaji wa Meksiko na Wamarekani weupe wa Arizona. Waliokuwa upande wenye nguvu walilainika zaidi kwa kusikiliza na kueleza upya kwa maneno yao shida ya mwenzao. Waliokuwa upande dhaifu walilainika zaidi kwa kusikilizwa. Kikao kinachoanza kwa kumtaka mnyonge “aelewe upande wa pili” kimeanzia pabaya, hata kama msuluhishi anakusudia usawa.

Tatu, msaada usiotarajiwa. Grit Hein, mwaka 2016, aliwaweka watu katika hali ya kungoja maumivu ambayo mgeni wa kundi lisilo lao aliweza kuwaokoa kwa kuacha fedha yake. Mara chache za kuokolewa hivyo ziliongeza mwitikio wa huruma kwa watu wengine wa kundi lile, hata ambao hawakusaidia. Ubongo ulijifunza kwa mshangao: ulitarajia moja, ukapata jingine. Kwa hiyo ishara ya maridhiano iwe na gharama inayoonekana, na ije kabla haijadaiwa. Ikija baada ya shinikizo, hakuna mshangao, na hakuna cha kujifunza.

Nne, kukutana. Gordon Allport aliweka masharti mwaka 1954: hadhi sawa, lengo moja, kazi ya pamoja, na baraka za wenye mamlaka. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti 515 ulikuta kukutana hupunguza chuki kwa kawaida, kwa kiasi cha wastani, na zaidi masharti hayo yakiwepo. Lakini angalia mafanikio yanaishia wapi. Nchini Iraki, katika utafiti wa Salma Mousa uliochapishwa mwaka 2020, Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na ISIS waliwekwa kwenye timu za mpira, nyingine zikiongezewa wachezaji Waislamu. Waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha timu mchanganyiko msimu uliofuata, kumpigia Mwislamu wa timu nyingine kura ya mchezaji mwungwana, na kuendelea kufanya mazoezi pamoja miezi sita baadaye. Hawakuwa tayari zaidi kwenda kula mkahawani Mosul, mji wenye Waislamu wengi, wala kuhudhuria hafla ya mchanganyiko. Walijifunza kuhusu wachezaji. Kuhusu mji hawakuwa na cha kujifunzia. Kama watu wanaogopana sokoni, kazi ya pamoja ipangwe sokoni.